Muhogo wa kula nyumbani: pingili, shamba, kuvundika, unga na sufuria

Tuanze na hesabu, maana wengi hupanda muhogo kwa kukisia, halafu debe la unga linaisha mvua zikiwa bado zinanyesha. Watu 6 wakila ugali wa muhogo mlo mmoja kwa siku, gramu 200 za unga kila mmoja, wanamaliza kilo 1.2. Kilo 100 za muhogo mbichi, ukishamenywa, kuvundikwa na kukaushwa, hutoa unga wa kilo 25 hadi 30. Kwa hiyo chakula cha jioni moja kinadai kilo 4 hadi 5 za muhogo kutoka shambani. Shina lililopandwa kwenye kichanga bila mbolea hutoa kilo 2 hadi 3, basi hapo umeng'oa mashina 2 kwa siku, na kwa mwaka 700 na ushei. Ukipanda mita 1 kwa mita 1, ekari inachukua mashina 4,000. Robo ekari inatosha, na inabaki akiba ya kufidia yatakayooza, yatakayoliwa na panya na yatakayopitiwa na wezi.

Hayo ni ya unga. Muhogo wa kuchemsha, wa kukaanga na wa nazi utengewe mahali pake, mashina 100 hadi 150 karibu na nyumba. Huo uwe muhogo mtamu. Mchungu, ule wa unga wenye sumu nyingi, upandwe mbali, kwani nguruwe pori, panya na wapita njia huuogopa kuliko mtamu, na ndiyo maana wakulima wanaopakana na pori hawataki kuuacha hata wakiambiwa ni hatari. Kosa kubwa ni kuichanganya kwenye mstari mmoja. Majani yakishapukutika wakati wa kiangazi si rahisi kutofautisha shina na shina, na mtoto aliyetumwa kuchimba muhogo wa kuchemsha ataleta wa unga.

Kuchagua pingili

Hapa ndipo mavuno yanapoamuliwa. Muhogo haupandwi kwa punje bali kwa kipande cha shina la mwaka jana, na ugonjwa wowote uliokuwa kwenye shina hilo unahamia nalo. Magonjwa mawili ndiyo ya kuyajua kwa macho.

Batobato huonekana juu ya mmea: majani machanga yana mabaka ya njano na kijani, yamejikunja na kudumaa. Ugonjwa huu hata mtoto anaweza kuutambua. Michirizi ya kahawia ni mjanja zaidi. Mtafiti H. H. Storey aliueleza mwaka 1936 akiwa Amani, kwenye milima ya Usambara, na kwa miaka mingi ulihesabiwa kuwa ugonjwa wa ukanda wa pwani tu, kabla ya kupanda hadi nyanda za Ziwa Viktoria. Majani ya juu yanabaki mazuri. Tazama ya chini, yale yaliyokomaa: kando ya mishipa midogo kuna rangi ya njano iliyofifia kama doa la maji. Kwenye sehemu ya shina iliyo bado kijani kuna michirizi ya kahawia. Chini ya ardhi, muhogo umebanwa katikati kama umefungwa kamba, na ukiukata una uozo mkavu wa rangi ya kahawia, mgumu kama gome. Wapo waliolipa kibarua, wakapalilia mara tatu, wakasubiri mwaka mzima, na siku ya kuvuna wakatupa nusu ya muhogo.

Kwa hiyo usinunue mzigo wa mashina sokoni bila kuona shamba lilikotoka. Nenda shambani wakati majani bado yapo. Funga utepe kwenye mashina mazima. Siku ya kukata, ng'oa na mizizi yake, kisha ukate kila muhogo kwa kisu mara 4 au 5, tangu kikonyo hadi ncha. Ukiona doa moja la kahawia, shina hilo ni kuni. Kuangalia jani peke yake hakutoshi, kwani lipo jani safi lenye mzizi mbovu.

Shina la mbegu liwe na umri wa miezi 8 hadi 18. Chukua sehemu ya kati. Juu ni laini na hukauka kabla ya kuota, chini ni gumu kama mti na macho yake huchelewa. Ukikata, tazama ule moyo mweupe wa katikati: ukiwa umezidi nusu ya unene wa shina, bado ni changa. Utomvu mweupe utoke papo hapo. Usipotoka, shina limekauka, na palipo na pengo shambani utajua sababu.

Kila pingili iwe na urefu wa sentimita 20 hadi 30 na macho 5 hadi 7. Tumia panga kali au msumeno, usibamize juu ya gogo, maana pingili iliyopasuka huingiza uozo. Shina moja zuri hutoa pingili 4 au 5, hivyo robo ekari inahitaji mashina 200 hadi 250. Mvua ikichelewa, usiyakate. Yasimamishe wima chini ya mwembe, ncha za chini zikigusa udongo wenye unyevu. Yatakaa wiki mbili bila shida kubwa, ila kila siku inayopita yanapoteza nguvu.

Upande aina ipi? Tanzania Bara, Kiroba imependwa sana Mkoa wa Pwani kwa kuvumilia michirizi. Kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, kimetoa aina kadhaa, mojawapo ikiitwa jina la kituo chenyewe. Zanzibar wana Kizimbani, Mahonda, Kama na Machui. Pwani ya Kenya, kituo cha Mtwapa kimetoa Tajirika, Karibuni na Shibe. Kibandameno bado ni mtamu kuliko zote kwa walaji wengi wa huko, lakini magonjwa huumaliza. Kama huwezi kuuacha, upande mashina machache karibu na jikoni, mbali na shamba kubwa.

Kupanda na kupalilia

Panda mvua zikianza, ardhi ikiwa imelowa kina cha kiganja. Udongo wa kichanga unaweza kulimwa sesa, lakini mfinyanzi na sehemu zinazotuama maji zinataka matuta ya sentimita 30 hadi 50, la sivyo muhogo utaoza kabla ya kunenepa. Penye mvua za uhakika, choma pingili kwa mshazari, theluthi mbili ndani ya udongo, macho yakielekea juu. Penye mvua za kubabaisha, ilaze na kuifunika sentimita 5 hadi 10. Pingili iliyogeuzwa kichwa chini huota pia, lakini chipukizi huchelewa na mihogo huwa michache.

Kati ya mistari tia kunde, choroko au karanga. Zinavunwa kabla muhogo haujafunika ardhi, na mboga inayotoka hapo utaihitaji kwa sababu nitakayoieleza mbele. Mahindi yanawezekana kama utayapanda machache. Mbaazi hugombania mwanga na muhogo mwaka mzima, itengee eneo lake.

Palizi ya kwanza ni wiki ya 3 au ya 4, na shamba libaki safi hadi mwezi wa 3. Baada ya hapo kivuli cha muhogo kinajipalilia chenyewe, na jembe likizama sana linakata mihogo inayoanza kunenepa. Katika miezi hiyo mitatu pita kila wiki mbili, ng'oa shina lolote lenye batobato na ulitoe shambani. Nzi weupe, wale wadogo wanaoruka kama vumbi ukitikisa jani, ndio wanaobeba ugonjwa kutoka shina hili kwenda lile. Kuwapulizia dawa ni gharama isiyorudi kwa mkulima wa robo ekari. Afadhali kung'oa.

Kuvuna

Mtamu huanza kuliwa miezi 8 hadi 12, mchungu wa unga hungoja miezi 12 hadi 18. Wa nyumbani usiung'oe shina zima kwa ajili ya mlo mmoja. Fukua upande mmoja kwa mkono, kata mhogo mmoja ulionenepa, rudisha udongo, na shina litaendelea kukua.

Muhogo uliong'olewa huanza kuharibika ndani ya siku 1 hadi 3. Ukiukata utaona mistari ya buluu nyeusi kwenye nyama yake, na ukichemshwa hubaki mgumu na mchungu. Mistari hiyo huanzia kwenye jeraha, ndiyo maana muhogo uliokatwa kwa jembe au kuvunjika kikonyo huharibika kwanza. Kata matawi yote wiki moja au mbili kabla ya kung'oa, ukiacha kisiki cha sentimita 30. Muhogo wa shina lililokatwa hivyo hudumu siku kadhaa zaidi, ingawa unachelewa kidogo kuiva. Ukibaki na ziada, ufukie kwenye mchanga wenye unyevu kivulini. Uliokwisha menywa unakaa ndani ya ndoo ya maji siku 2, ukiyabadilisha kila asubuhi.

Kwa nini haraka ni hatari

Ndani ya muhogo kuna kitu kinachoitwa linamarini, na kimeng'enya chake, yaani kitu kinachokivunja, kimetengwa nacho kwa kuta za chembehai. Kuta hizo zikivunjika, kwa kusaga, kutwanga, kukuna au kuvunda, viwili hivyo hukutana na kutoa sianidi, sumu ambayo huchemka kwa joto la nyuzi 26 tu na kupeperuka hewani. Ukilielewa hili, mengine yote yanafuata. Muhogo mchungu uliomenywa na kuanikwa mzima juani hukauka upesi huku chembe zake zikiwa hazijavunjika, na sumu nyingi inabaki ndani. Macho yanaona makopa meupe mazuri, na hayo ndiyo ya kuogopwa.

Wakati wa ukame mambo mawili mabaya hutokea pamoja: sumu huongezeka ndani ya muhogo, hata ule mtamu, na watu wenye njaa hufupisha siku za kuloweka. Mwaka 1985 huko Tarime, mkoani Mara, watu wengi walipooza miguu baada ya ukame wa namna hiyo. Ugonjwa huo unaitwa konzo, jina lililotoka kwa Wayaka wa Kongo, ambako daktari Trolli aliuandika mwaka 1938. Unaanza ghafla, unapiga zaidi watoto na kina mama, na miguu hairudi ilivyokuwa. Wanaoupata huwa wamekula muhogo mchungu wiki nyingi mfululizo bila samaki, dagaa, mayai wala kunde, maana mwili unahitaji protini ili uitoe sumu. Ndiyo sababu ya zile kunde kati ya mistari.

Kuvundika na kukausha

Njia ya maji ndiyo tunayoipendekeza. Anza siku ileile ya kuvuna. Menya gamba la nje pamoja na ngozi nene ya ndani, kwani sumu nyingi ipo humo. Osha, kata vipande vya urefu wa kiganja, tia kwenye pipa la plastiki au mtungi na ujaze maji hadi yafunike kabisa. Weka jiwe safi juu visielee. Usitumie pipa lililokuwa na dawa ya shamba hata kama limeoshwa mara kumi.

Siku ya 2 maji yanatoa povu na harufu kali ya uchachu, usishtuke. Siku ya 3 au ya 4, na kwenye baridi ya Njombe au Mbeya hata siku ya 5 au ya 6, chukua kipande ukibinye kwa kidole gumba. Kikibonyea na kupasuka chenyewe, kimevunda. Kikiwa bado kina kiini kigumu, kirudishe. Ukitaka kuharakisha, tia kipande kimoja kilichovunda cha mzigo uliopita, kitafanya kazi ya hamira.

Toa, vunja kwa mkono, chomoa uzi mgumu wa katikati, funga kwenye kiroba na ukamue kwa kuweka mawe juu saa chache. Maji hayo yamwagwe mbali na banda la mbuzi na mbali na kisima. Kisha sambaza mabonge madogo, yasizidi unene wa kidole, juu ya chanja kilicho mita 1 kutoka ardhini. Kuanika barabarani au juu ya jiwe huleta mchanga utakaousikia kwenye meno mwaka mzima. Geuza mara 3 kwa siku na uingize ndani jioni, umande ukilowesha unaanza upya. Jua kali linakausha kwa siku 2 au 3.

Kivunde kilichokauka huvunjika kwa mlio kama chaki. Kikipinda, bado. Rangi iwe nyeupe au maziwa. Doa la kijani, jeusi au la waridi ni ukungu ulioingia kwa sababu ya mawingu au kurundika, na kukwangua juu hakuondoi kilichozama ndani. Tupa.

Kanda ya Ziwa wanapenda udaga, ambapo muhogo uliomenywa hurundikwa na kufunikwa siku 3 hadi 5 hadi uote manyoya ya ukungu, ukakwanguliwa, kutwangwa na kuanikwa. Ladha yake haina mfano kwa aliyeizoea, na kule kutwanga kabla ya kuanika kunasaidia kutoa sumu. Tatizo ni kwamba ukungu mzuri na mbaya hukaa nyumba moja. Ukiufuata utaratibu huo, usiruke hatua ya kutwanga.

Kuhifadhi

Adui ni dumuzi. Mdudu huyu mdogo mweusi anayejulikana zaidi kwa mahindi hupenda makopa kupindukia, na ndani ya miezi michache gunia huwa vumbi. Vipande vilivyokaushwa sawasawa vitiwe kwenye mapipa yenye mfuniko wa kubana au mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, iliyofungwa kila tabaka peke yake. Usifungue kila siku. Toa cha wiki mbili, twanga au peleka mashine, chekecha, na funga tena. Mashine iliyotoka kusaga mahindi ya mtu mwingine itakuletea unga wenye rangi ya njano, hivyo saga kilo 1 ya kwanza iwe ya kuku.

Ukinunua unga sokoni usiojua umetengenezwaje, ipo njia ya kuupunguzia sumu kabla ya kupika, iliyobuniwa na wanasayansi wa Australia na kutumiwa vijijini Msumbiji, Tanzania na Kongo. Tia unga kwenye bakuli, usawazishe, weka alama ndani ya bakuli pale unga unapoishia. Mimina maji kidogokidogo ukikoroga. Unga utashuka kwanza, kisha utapanda. Ukifika tena kwenye alama, simamisha maji. Tandaza uji huo mzito juu ya mkeka au sinia, unene usizidi sentimita 1, na uuache saa 2 juani au saa 5 kivulini. Sumu inaondoka na hewa. Upike siku hiyohiyo. Bakuli lililofunikwa halisaidii kitu, hata likikaa usiku kucha.

Sufuriani

Ugali wa muhogo, ambao Tanga wanauita bada, haupikwi kama wa mahindi. Hauhitaji uji. Chemsha lita 1 ya maji hadi yatokote, chota kikombe kimoja pembeni, punguza moto, mimina gramu 500 za unga kwa mkupuo katikati uwe kama kichuguu na usiuguse. Dakika 2 baadaye maji yatakuwa yanatokota kandokando. Hapo ndipo unaingiza mwiko na kuponda kwa nguvu ukisukuma ukutani mwa sufuria, ukiongeza yale maji ya kikombe unga ukikaza. Ukikoroga mapema utapata gundi yenye madonge meupe ndani. Ukiwa tayari unang'aa, unavutika, na rangi yake imekuwa ya kijivu kidogo. Wageni wasiouzoea wapikie nusu muhogo nusu mahindi.

Kisamvu: chuma majani 3 au 4 ya juu kwenye kila tawi, kwenye mashina yaliyopita miezi 4, na usirudie shina lilelile kabla ya mwezi, maana majani ndiyo yanayojaza muhogo. Ondoa vikonyo, twanga kwenye kinu pamoja na chumvi na vitunguu saumu hadi kiwe laini kabisa. Kutwanga huku ndiko kunakotoa sumu, kwa hiyo kukata kwa kisu hakutoshi. Chemsha bila mfuniko kwa maji mengi dakika 20, mwaga maji, tia mengine na uendelee nusu saa. Kisha weka kunde zilizochemshwa, tui la nazi au karanga za kusaga. Magadi hulainisha haraka lakini huua vitamini. Mapishi mazuri hayahitaji.

Muhogo wa nazi kwa kilo 1.5 ya muhogo mtamu: menya, kata, pasua katikati na utoe ule uzi mgumu. Chemsha kwa maji ya chumvi dakika 15, sufuria wazi, umwage maji hayo. Ikune nazi 1 kubwa kwa mbuzi, kamua tui zito kikombe 1 na uweke kando, rudia kukamua upate tui jepesi vikombe 3. Pika muhogo kwenye tui jepesi pamoja na kitunguu na pilipili nzima isiyopasuliwa hadi uanze kumeguka. Mwisho mimina tui zito, punguza moto hadi makaa, na ulichote kwa upawa ukilirudisha kutoka juu bila kuacha. Tui likiachwa litokote peke yake hukatika, mafuta yakaelea na maziwa yakabaki chini kama chenga. Likikatika, toa mihogo michache, iponde, irudishe na ukoroge taratibu. Litashikana, ingawa mpishi wa pwani atajua.